Smuthi ya matunda yaliyobaki: barafu, vipande vya friza au rojo?

Ndizi ikishaanza madoa na papai likishakatwa, saa zinahesabika. Dar es Salaam mwezi Desemba, chana moja ya ndizi za kisukari uliyoichukua asubuhi soko la Mahakama ya Ndizi, Mabibo, kesho yake jioni imeshaanza kuita nzi wadogo, na nusu ya papai iliyoachwa mezani haifiki hata hapo. Dawa yake wengi tunaijua: kusaga. Tunapotofautiana ni namna ya kusaga. Kuna anayetupia kila kitu kwenye blenda siku hiyo hiyo pamoja na barafu. Kuna anayekata vipande, anagandisha, kisha anasaga siku anayotaka. Na kuna anayesaga rojo kwanza, analigandisha kwenye trei za barafu, halafu anatoa vipande vinne vitano kila anapohitaji.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: mwenye friza inayogandisha kweli agandishe vipande, asiye nayo asage siku hiyo hiyo na aachane na barafu ya kununua. Ila yapo matunda yasiyofuata kanuni hiyo, na yapo ambayo hayapatani na maziwa, na hapo ndipo smuthi nyingi za nyumbani huharibikia.

Barafu au tunda lililoganda

Barafu ina sifa moja kubwa: haihitaji mipango. Umerudi, joto limekushika, embe lipo, barafu ipo, baada ya dakika mbili unakunywa. Shida yake huonekana glasi ikikaa. Barafu inayeyuka, maji yanajitenga na rojo, na ulichokiita smuthi kinakuwa juisi iliyozimuliwa. Hapo mkono unakwenda kwenye kopo la sukari ili kuokoa ladha, na matunda yaliyokuwa matamu yenyewe yanaongezewa vijiko vitatu visivyo na sababu.

Tunda lenyewe tayari ni maji kwa sehemu kubwa. Tikiti maji ni maji kwa takribani asilimia 92, papai 88, nanasi 86, embe 83, ndizi 75. Likiganda linafanya kazi ya barafu, na likiyeyuka linaongeza ladha badala ya kuipunguza. Ndiyo maana ndizi iliyogandishwa, ikisagwa na mtindi kidogo, hutoka nzito kama aiskrimu laini bila kuongezewa kitu kingine.

Halafu kuna suala la usalama. Kugandisha hakuui vijidudu, kunavilaza tu. Barafu ya mabonge inayouzwa kwa ajili ya kupoza samaki na soda haikutengenezwa ili iingie mdomoni, na maji ya bomba yaliyogandishwa bila kuchemshwa yanabaki kuwa maji yasiyochemshwa. Nyakati za kipindupindu hili si jambo la kujadili. Ukiamua kutumia barafu, iwe yako, ya maji uliyoyachemsha au kuyatibu.

Barafu inashinda pahala pamoja tu: kwenye vinywaji vyenye uchachu au ukali wa ladha. Pasheni, ukwaju, ndimu na tangawizi vinataka kuzimuliwa, na uzito wa tunda lililoganda huvifunika. Lakini hivyo, tuseme ukweli, ni juisi zaidi kuliko smuthi.

Vipande au rojo

Friza ya nyumbani hugandisha polepole. Maji yaliyo ndani ya tunda hujikusanya kuwa chembe kubwa za barafu zinazopasua kuta za seli, na ndiyo sababu embe lililoganda likiyeyuka halitafuniki tena vizuri. Linalegea na kutoa maji. Kwa anayetaka kula tunda hiyo ni hasara. Kwa anayesaga ni faida, kazi imeshaanzwa kabla blenda haijawashwa.

Vipande vinataka uvumilivu wa mara moja. Menya, kata vidogo, vipange kwenye sahani au trei visigusane, viache saa tatu au nne mpaka viwe vigumu, kisha ndiyo uvitie kwenye kopo lenye mfuniko. Ukivirundika vikiwa vibichi vitashikana bonge moja, na siku ya kusaga utasimama jikoni na mchi unagonga kopo. Makopo ya aiskrimu yaliyokwisha yanatosha kabisa. Bandika karatasi yenye jina la tunda na tarehe, kwa sababu papai na embe vikishaganda vinafanana kuliko unavyodhani.

Tatizo la vipande ni blenda. Zile za kawaida tulizonazo wengi, za wati 300 hadi 500, hazikuundwa kupasua mawe. Ukimimina vipande vikavu vilivyotoka friza sasa hivi, kisu kinazunguka hewani, mota inalia, na punde unasikia harufu ya kuungua. Zima kabla hujaisikia. Anza na kimiminika chini, kisha matunda laini, vilivyoganda mwisho, na viache nje dakika tano hadi kumi vianze kulegea. Saga kwa vishindo vifupi vifupi badala ya kuiachia mota dakika nzima. Kipande kisizidi ukubwa wa kidole gumba; uamuzi huo hufanywa siku ya kukata, ukishagandisha umechelewa.

Rojo linadai kazi mbili: kusaga leo na kusaga tena siku ya kunywa. Lakini kwa blenda dhaifu ni msaada, maana kipande cha rojo hulegea upesi. Linachukua nafasi ndogo friza. Na kwa baadhi ya matunda ndilo chaguo pekee lenye maana. Embe lenye nyuzi nyingi, ukiligandisha vipande, nyuzi zitakusumbua kwenye glasi. Lisage, lichuje, ndipo ligande. Mapera nayo hivyo hivyo, kwa sababu ya mbegu ngumu. Stafeli ndilo hasa: kutoa mbegu zake ni kazi ya nusu saa na mikono yote miwili, na mbegu hizo hazifai kusagwa wala kuliwa, kwa hiyo ukishakaa chini kulihangaikia, maliza tunda zima na ugandishe rojo lote. Pasheni nitaifikia.

Kwanza ijue friza yako

Kuna friza na kuna kile kichumba cha juu ndani ya friji ndogo. Tazama mlango wake kama una alama za nyota. Nyota moja maana yake hufika nyuzi 6 chini ya sifuri, mbili ni 12 chini, tatu ni 18 chini. Kwa nyuzi 18 chini ya sifuri matunda yanakaa miezi bila wasiwasi, ingawa mimi ndizi na parachichi sipendi zivuke miezi mitatu kwa sababu ya ladha. Kichumba cha nyota moja ni cha wiki moja tu, si ghala la msimu wa maembe. Kama aiskrimu kwako haikazi, usijaze matunda ya miezi.

Umeme ukikatika, acha mlango umefungwa. Friza iliyojaa hushika ubaridi kwa takribani saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Matunda yakiwa bado yana chembe za barafu ndani, yarudishe yagande tena. Ladha itapungua kidogo, basi. Yakiwa yameshakuwa maji ya vuguvugu yanayonuka chachu, yatupe. Wale ambao uniti za LUKU (umeme wa kulipia kabla) huwaishia mara kwa mara usiku wa manane, njia ya kusaga siku hiyo hiyo ni salama kuliko friza inayoganda na kuyeyuka kila wiki.

Tunda kwa tunda

Ndizi ndiyo uti wa smuthi, na ndiyo tunda linalofaidika zaidi na kugandishwa. Kadiri inavyoiva wanga wake hugeuka sukari, kwa hiyo ile yenye madoa ambayo watoto wanaikataa ndiyo tamu kuliko zote. Imenye kabla ya kugandisha. Ndizi iliyoganda na ganda lake inakuwa nyeusi na ngumu, na kulibandua ganda hilo kunahitaji kisu na maneno yasiyofaa kuandikwa. Ndizi ya kisukari hutoa utamu mkali, ya mtwike hutoa uzito. Nikiwa nazo zote nachanganya. Ndizi ya kupika, hata iliyoiva, acha ibaki kwenye sufuria.

Jambo moja kuhusu ndizi halijulikani sana. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha matokeo kwamba kimeng'enya (kichocheo cha asili ndani ya tunda) kile kile kinachoigeuza ndizi rangi, kikisagwa pamoja na matunda yenye flavanoli, yaani viambata vya mimea vinavyohusishwa na afya ya moyo, hupunguza sana kiasi cha flavanoli hizo kinachofyonzwa mwilini. Kwenye jaribio lao upungufu ulifika asilimia 84. Flavanoli zipo kwenye stroberi, zabibu na kakao. Kwa hiyo kama unasaga stroberi au kakao kwa ajili ya afya ya moyo, uzito utoe kwenye embe au mtindi. Kama unasaga kwa sababu ndizi zinaoza na una njaa, endelea.

Parachichi, iwe la Njombe, Rungwe au Moshi, halina utamu lakini linatoa ulaini ambao tunda lingine haliwezi. Hubadilika rangi haraka. Lipake ndimu kabla ya kugandisha, au liponde kabisa na ndimu na ugandishe rojo. Robo ya parachichi kwa glasi mbili inatosha. Wengi hutia zima, halafu wanashangaa wameshiba mpaka jioni.

Embe halina maneno mengi. Msimu ukichanganya, Novemba hadi Februari kwa Pwani, mafungu ya jioni sokoni huwa ya bei ya kumaliza. Nunua yaliyoiva sana, kata nyama, gandisha. Bolibo na dodo zinafaa. Lenye nyuzi lifanyie rojo.

Tikiti maji ndilo barafu bora kuliko barafu. Ligandishe vipande vidogo bila mbegu, ulitumie mahali ambapo ungeweka barafu. Peke yake halitoi smuthi, linatoa maji matamu.

Pasheni usiitie kwenye blenda na mbegu zake ukasaga kwa nguvu zote. Mbegu zikivunjika zinaleta uchungu na mchanga mdomoni. Isage sekunde chache tu ili nyama iachane na mbegu, chuja, gandisha juisi kwenye trei. Vipande viwili vya pasheni hufufua smuthi yoyote iliyopooza, hasa ya papai.

Chungwa ni la kukamua, kulisaga zima hakufai. Ule weupe chini ya ganda na mbegu zake hutoa uchungu ambao huongezeka kadiri kinywaji kinavyokaa, na friza haiuzuii. Kamua, tumia juisi leo.

Papai na nanasi mbele ya maziwa

Anayelainisha nyama ya mishikaki kwa papai bichi anajua nguvu iliyomo. Papai lina papeni, nanasi lina bromelini. Vyote ni vimeng'enya vinavyokata protini, na haviulizi kama protini hiyo ni ya nyama au ya maziwa. Ukisaga nanasi na maziwa ukaweka friji mpaka kesho, utakuta uchungu ambao hakuna sukari inayouondoa. Papai lililoiva vizuri lina papeni kidogo kuliko bichi, hivyo uchungu wake huja polepole, lakini unakuja.

Kugandisha hakuviui vimeng'enya hivyo. Joto ndilo linaloviua. Una njia tatu. Unywe hapo hapo baada ya kusaga, ndani ya dakika kumi na tano, na hutaonja tofauti. Au nanasi lichemshwe dakika tano kabla ya kuligandisha, jambo linalofaa pia kwa nanasi lililokuwa limeanza kulegea. Au maziwa yaachwe kabisa, yashike nafasi yake madafu au tui. Mimi huchagua ya tatu: nanasi na tui jepesi la nazi havijawahi kuhitaji utetezi.

Kimiminika gani

Maziwa yanaipenda ndizi, embe na parachichi. Mtindi, au maziwa lala kama wanavyoita Kenya, ni bora zaidi kwa matunda matamu kupita kiasi, kwani uchachu wake unayasawazisha, na uzito wake unaruhusu kutumia matunda machache. Tui la nazi liwe jepesi. Tui zito likikutana na vipande vilivyoganda mafuta yake huganda vidonge vidogo vyeupe vinavyobaki mdomoni. Maji ya dafu yanafaa kwa papai, tikiti na nanasi, na yenyewe yana utamu wa kutosha. Maji ya kawaida yanatosha kama kuna ndizi au embe la kutosha.

Unga wa ubuyu si kimiminika, lakini hapa ndipo pake. Kijiko kimoja kikubwa huleta uchachu na kufanya kinywaji kiwe kizito, kwa sababu una nyuzinyuzi nyingi zinazofyonza maji. Uutie kwenye mtindi au maji. Kwenye maziwa mabichi uchachu wake unaweza kuyakata.

| Kilichobaki | Njia ninayoichagua | Kichanganye na | Kiepuke |
|---|---|---|---|
| Ndizi zenye madoa | Vipande, friza | Maziwa, mtindi | Kugandisha na ganda |
| Nusu papai | Kusaga leo, au vipande | Dafu, juisi ya pasheni | Maziwa yatakayokaa |
| Nanasi | Vipande, yakichemshwa kwanza ni bora | Tui jepesi, dafu | Maziwa yatakayokaa |
| Embe laini | Vipande | Mtindi | Barafu nyingi |
| Embe la nyuzi, pera, stafeli | Rojo lililochujwa | Maziwa, mtindi | Kusaga na mbegu |
| Parachichi | Rojo na ndimu | Maziwa, embe | Kuzidisha |
| Tikiti maji | Vipande badala ya barafu | Nanasi, ndimu | Kulitegemea peke yake |

Kipimo cha kuanzia kwa glasi mbili: ndizi mbili zilizoganda, kikombe kimoja cha embe, kikombe kimoja cha mtindi, nusu kikombe cha maji. Ikikataa kuzunguka ongeza maji kidogo kidogo, usimwage.

Pakiti za supamaketi

Zipo stroberi na matunda mengine madogo yaliyogandishwa kutoka nje. Kwa mtu anayeishi kwenye nchi yenye maembe, sioni sababu ya kulipa bei hiyo, isipokuwa unataka ladha hiyo hasa. Walio Ulaya au Marekani, ambako embe lisilogandishwa ni ghali na mara nyingi halijaiva vizuri, hesabu yao ni kinyume: pakiti ya embe lililogandishwa inayashinda hata maembe ya dukani.

Kuganda kusikupe imani kwamba tunda ni salama. Mwaka 2016 nchini Marekani stroberi zilizogandishwa kutoka Misri zilihusishwa na mlipuko wa homa ya ini ya aina A, na wagonjwa wengi kati ya zaidi ya 140 waliorekodiwa walikuwa wamekunywa smuthi. Virusi hivyo vinastahimili baridi. Tunda ulilolinunua sokoni, ukaliosha kwa maji safi na kulikata mwenyewe, angalau unajua limepita mikono ya nani.

Kilichobaki na kilichoharibika

Friza haifufui. Tunda laini lenye ukungu, hata doa moja la kijani, tupa lote. Nyuzi za ukungu huwa zimeshapita ndani kuliko unavyoona. Lililonyauka, lililopondeka upande mmoja au lililoiva kupita kiasi ni halali kwa blenda: kata palipopondeka, endelea. Lenye harufu ya pombe au utelezi halifai. Matunda yaliyokatwa yakakaa mezani kwenye shughuli au futari zaidi ya saa mbili usiyahifadhi, na joto likipita nyuzi 32 fanya ni saa moja. Sahani ya matunda iliyoguswa na wageni ishirini usiipeleke friza kwa kuona huruma tu.

Na sukari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linahesabu sukari ya juisi za matunda pamoja na sukari zinazopaswa kupunguzwa, lakini haliihesabu ya tunda zima lililotafunwa. Uingereza inashauri juisi na smuthi zisizidi mililita 150 kwa siku, yaani glasi ndogo. Glasi zetu za nusu lita zina ndizi mbili, embe na asali juu yake. Mwenye ugonjwa wa kisukari ni afadhali atafune embe lake. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asitiliwe asali hata kidogo.

Smuthi ikizidi, usiihifadhi kwenye jagi. Imimine kwenye vikopo au vile vifuko vyembamba vya barafu za ubuyu, igande, watoto wapate lambalamba kesho mchana. Ya mtindi na embe hutoka vizuri kuliko zote. Ya nanasi na maziwa imalizwe hapo hapo, maana kabla haijaganda sawasawa itakuwa imeshaanza uchungu.